Namna ya Kulinganisha Watengenezaji wa Majaketi ya Ngozi ya Marubani wa Zamani

Mtu anayeanza kutafuta nakala ya jaketi la ngozi walilovaa marubani wa Vita vya Pili vya Dunia hukutana mapema na majina yale yale. Uingereza ina Eastman Leather Clothing, pamoja na Aero Leather Clothing iliyoko Galashiels, Scotland. Japani ina The Real McCoy's na Buzz Rickson's. Marekani ina Good Wear Leather ya Seattle, karakana ndogo ambayo foleni ya wateja wake ni ndefu, na Cockpit USA inayouza kwa wingi zaidi. Zaidi ya hao, karakana kadhaa za Sialkot, Pakistani, hushona majaketi ya aina hiyo kwa bei ya chini. Swali linalofuata huwa ni nani bora kati yao, na hapo ndipo wengi wanapoanza kupoteza fedha, kwa kuwa watengenezaji hawa hawafanyi kazi ya aina moja. Yupo anayejitahidi kunakili jaketi moja mahususi hadi umbali kati ya tundu moja la sindano na jingine, yupo anayeshona jaketi imara la kuvaa kila siku lenye sura ya zamani, na yupo anayeuza umbo la jumla tu. Ili kuwalinganisha kwa haki unahitaji kipimo kimoja kilicho nje yao wote, nacho ni jaketi halisi la wakati ule.

Anza na jaketi halisi

Amua kwanza ni aina gani unayoitaka. A-2, ambayo ndiyo inayotafutwa zaidi, ilikubaliwa rasmi na kikosi cha anga cha Jeshi la Nchi Kavu la Marekani mwaka 1931 ikachukua nafasi ya A-1 ya mwaka 1927, iliyokuwa ikifungwa kwa vifungo. A-2 ina zipu, kola ya ngozi ambayo ncha zake hushikwa na vifungo vya kubonyeza vilivyofichwa chini yake, mifuko miwili ya mbele yenye vifuniko, vikanda vya mabegani, mgongo wa kipande kimoja cha ngozi, na ufumo wa sufu kwenye ncha za mikono na kiunoni. Haina mifuko ya ubavuni ya kupashia mikono joto. Ukiona mifuko hiyo kwenye jaketi linaloitwa nakala kamili ya A-2 ya vita, umeshapata jibu kuhusu uangalifu wa aliyelishona.

Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa na mkondo wake: M-422A, kisha majaketi yaliyokuja kujulikana kwa jina la G-1 baada ya vita. Haya yalishonwa kwa ngozi ya mbuzi, yakawekwa kola ya manyoya na mikunjo nyuma ya mabega inayofunguka mkono unaponyooshwa mbele. B-3 ya Marekani na Irvin ya Uingereza ni jamii nyingine kabisa, kwa sababu hushonwa kwa ngozi ya kondoo ambayo manyoya yake hubaki upande wa ndani. Mtengenezaji hodari wa A-2 anaweza kuwa wa kawaida sana katika ngozi ya manyoya, kwa hiyo usihamishe sifa za upande mmoja kwenda upande mwingine.

Kuna mtego mwingine katika jina lenyewe la A-2. Jeshi la Anga la Marekani lililirudisha jaketi hilo mwishoni mwa miaka ya 1980, safari hii kwa ngozi ya mbuzi na mkato mpana zaidi. Jaketi hilo ni la kijeshi kweli, na kampuni zinazoliuza husema kweli zinaposema kwamba linafuata masharti ya jeshi, ila masharti hayo si yale ya mwaka 1942. Mnunuzi anayetaka jaketi la mfanyakazi wa B-17, ndege ya mabomu ya wakati wa vita, hatalipata humo, hata kama lebo imeandikwa A-2 kwa herufi kubwa.

Hata ukibaki kwenye A-2 za vita peke yake, bado hujafika. Jeshi liligawa mikataba kwa kampuni nyingi: Rough Wear ya Middletown, Pennsylvania, Aero Leather ya Beacon, New York, Perry Sportswear ya Newburgh, J. A. Dubow ya Chicago, Cable Raincoat ya Boston, na nyingine. Zote zilifuata mchoro mmoja, nambari 30-1415, na nambari hiyo ilifumwa kwenye lebo ya shingoni pamoja na nambari ya mkataba, lakini kila kampuni ilikata ngozi kwa ruwaza zake. Ndiyo maana baadhi ya A-2 zina ukanda unaosimamisha kola shingoni na nyingine kola imeshonwa moja kwa moja kwenye mwili wa jaketi. Nyingine zina kola ndogo, nyingine kola yenye ncha ndefu. Vifuniko vya mifuko hutofautiana kwa mviringo wake, na mishono ya vikanda vya mabegani hutofautiana pia. Mtengenezaji makini wa leo atakuambia bila kusita ni mkataba upi anaounakili, kwa mfano Rough Wear 27752 au Dubow 27798. Asiyeweza kuutaja anaweza kuwa na jaketi zuri, ila usimlipe bei ya nakala halisi. Vilevile jihadhari na anayetangaza A-2 ya mkataba wa mwaka 1945, kwa sababu jeshi liliacha kuagiza majaketi hayo mwaka 1943 na kugeukia ya kitambaa kama B-10. Na kwa kuwa jambo hili huwachanganya wageni: Aero Leather ya Scotland ilichukua jina la kampuni ya Beacon, lakini ni kampuni nyingine, iliyoanzishwa miongo kadhaa baada ya vita.

Ukishachagua mkataba, tafuta picha safi za jaketi la asili la mkataba huo: ya mbele zipu ikiwa imefungwa, ya nyuma, ya kola ikiwa imeinuliwa, na ya lebo. Picha hizo ndizo utakazoziweka kando ya kazi ya kila mtengenezaji.

Mkato kabla ya ngozi

Wanunuzi wengi hutumia muda wao wote kuzungumzia ngozi. Kwa maoni yangu huo ni mpangilio uliogeuzwa, kwa sababu ngozi nzuri juu ya mkato mbaya itadumu miaka thelathini ikiwa na sura mbaya. Mkato ndio unaofanya jaketi lionekane la mwaka 1942, na ndio kitu kigumu zaidi kunakili, maana hauwezi kununuliwa kiwandani kama zipu.

Tazama sehemu tatu. Ya kwanza ni tundu la mkono. Kwenye A-2 nyingi za asili tundu hilo lilikatwa juu, karibu na kwapa, na matokeo yake mvaaji aliweza kuinua mikono bila kiuno cha jaketi kupanda sana. Watengenezaji wanaolenga soko pana hulishusha ili jaketi liwatoshe watu wengi kwa saizi chache. Mikono inakuwa mipana, ngozi inajikusanya chini ya kwapa, na mvaaji akishika usukani jaketi lote linapanda hadi tumboni. Katika picha, mtu akiwa amesimama mikono chini, utaona mkunjo mkubwa wa ngozi ukishuka kutoka kwapani. Mtengenezaji asiyekuwa na picha ya mtu aliyevaa jaketi, bali ya sanamu ya dukani tu, mwombe moja ya mtu aliyeinua mikono.

Sehemu ya pili ni urefu. A-2 ni fupi; ufumo wake wa kiuno ulikusudiwa kukaa usawa wa mkanda wa suruali, wakati ambapo suruali zilivaliwa juu kuliko leo. Anayevaa suruali za kiuno cha chini ataona shati likichungulia, na kwa sababu hiyo watengenezaji kadhaa hukubali kuongeza urefu. Hapo uliza nyongeza inawekwa wapi. Sentimita 4 zikiongezwa chini ya mifuko bila mifuko yenyewe kusogezwa, jaketi huonekana kama limevutwa. Fundi anayejua kazi yake huishusha mifuko kidogo pia, na atakueleza kabla hujamuuliza. Nyongeza ya mikono ni jambo tofauti, na isihesabiwe kuwa sehemu ya nyongeza ya mwili.

Ya tatu ni kola na eneo linaloizunguka, na hapa inafaa ukaribie picha hadi karibu kuona nyuzi. Funga macho kwa kila kitu kingine, uangalie pale zipu inapoishia juu. Katika jaketi lililoshonwa vizuri, pande mbili za kola hukutana kwa usawa, kulabu ndogo ya shingoni hushika bila kuvuta ngozi, na ulimi wa ngozi ulio nyuma ya zipu hufika juu bila kujikunja. Mshono wa ukingo wa kola uwe na umbali ule ule kutoka ukingoni mwanzo hadi mwisho, hata unapozunguka ncha. Ncha ndiyo mahali ambapo fundi mwenye haraka hujifichua, kwa kuwa hapo tabaka za ngozi hurundikana, na asiyezichonga kwanza huacha ncha nene iliyovimba. Kisha linganisha ncha mbili za kola moja. Zikiwa na pembe tofauti, mengine yote uyaangalie kwa shaka.

Baada ya hapo ndipo vipimo vinakuja, na usitegemee nambari ya saizi. Saizi 40 ya The Real McCoy's, ya Eastman na ya karakana ya Sialkot si lazima ziwe sawa, na wakati mwingine hata mikataba miwili ya mtengenezaji mmoja haifanani, kwa sababu anafuata tofauti za majaketi ya asili. Chukua jaketi au koti lako linalokukaa vizuri, lifunge, ulilaze juu ya meza bila kulivuta, kisha upime kwa futi ya fundi: kutoka kwapa hadi kwapa, kutoka mshono wa bega moja hadi mwingine kwa nyuma, mkono kuanzia mshono wa bega hadi mwisho wa ufumo, na mgongo kuanzia chini ya kola hadi mwisho wa ufumo wa kiuno. Zidisha kipimo cha kwapa mara mbili, utoe mzunguko wa kifua chako. Nafasi ya sentimita 10 hivi hutosha kwa shati, na kwa anayetaka kuvaa sweta chini yake sentimita 13 hadi 15 ni salama zaidi. Waombe watengenezaji wote vipimo hivyo vinne vya jaketi lililokwisha kushonwa, na kila mmoja umuulize anapimia wapi, maana wapo wanaopima kwapani kabisa na wapo wanaoshuka inchi moja chini yake. Inchi ni sentimita 2.54, na tofauti ya nusu inchi mabegani huhisiwa mara jaketi linapovaliwa.

Ngozi

A-2 huhusishwa na ngozi ya farasi, na kweli ndiyo iliyotajwa tangu mwanzo, lakini wakati wa vita ngozi ya mbuzi na ya ng'ombe zilitumika pia. Ngozi ya farasi na ya ng'ombe zikishapakwa rangi na kuchakaa hutatanisha hata macho ya wajuzi, hivyo usimdharau mtengenezaji kwa sababu tu anatumia ng'ombe. Mdharau akisema ni farasi kisha ashindwe kueleza imetoka kiwanda gani. Wenye kujiamini hutaja kiwanda bila kuombwa: Shinki ya Himeji, Japani, kwa ngozi ya farasi, au Horween ya Chicago, kiwanda kilichoanza mwaka 1905. Ngozi ya mbuzi ina vijitundu na vichembe vinavyoonekana wazi, ni nyepesi, haichaniki kwa urahisi, na kwa majaketi ya Jeshi la Majini ndiyo sahihi.

Namna ngozi ilivyosindikwa huathiri jaketi kuliko mnyama aliyeitoa. Ngozi iliyosindikwa kwa magome na mimea huanza ikiwa ngumu kiasi, hushika mikunjo ya mwili wa mvaaji, na rangi yake ya juu inapochakaa huonyesha rangi nyingine chini, jambo linalowavutia wapenzi wa majaketi ya zamani. Iliyosindikwa kwa chumvi za kromiamu huwa laini mapema, huvumilia maji vizuri zaidi, na hubadilika sura polepole. Viko viwanda vinavyochanganya njia hizo mbili. Uliza pia unene kwa milimita. Ngozi nene sana ni kosa la kawaida la watengenezaji wanaotoka kwenye majaketi ya pikipiki: mteja huiona kuwa thamani, lakini A-2 nyingi za asili zilikuwa nyepesi kuliko watu wanavyodhani, na ngozi nene hukataa kulala kwenye kola na kwenye vifuniko vya mifuko.

Kuhusu ngozi iliyochakazwa makusudi, mimi simshauri mtu kuilipia. Wapo wanaoifanya kwa ustadi mkubwa, wakichubua mahali ambapo mwili ungechubua, yaani viwikoni, ukingoni mwa mifuko na kandokando ya zipu. Lakini karakana za bei ya chini husugua kila mahali sawasawa, hata chini ya vikanda vya mabegani ambapo hakuna kitu kingeweza kugusa. Usuguaji wa namna hiyo pia huficha ngozi ya daraja la chini.

Njia ya kuondoa ubishi ni kuomba vipande vya ngozi. Watengenezaji wengi hutuma kwa ada ndogo au bure. Kunja kipande ukiangalie pale kilipokunjika: ngozi yenye uso wa asili hutoa mikunjo midogo isiyofanana, ilhali iliyofunikwa kwa tabaka zito la rangi hutoa mkunjo mmoja unaong'aa kama plastiki. Geuza upande wa nyuma uone kama nyuzi zake zimeshikana au zinachomoka kwa kucha.

Zipu, ufumo na uzi

Hapa tofauti za bei huonekana haraka. Zipu za asili zilitoka kwa kampuni kama Talon, Crown na Conmar, na watengenezaji wa Japani, Buzz Rickson's akiwemo, wameagiza nakala za zipu za Crown zitengenezwe upya. Wengine huweka zipu za zamani ambazo hazijatumika. Zinapendeza, ila zikivunjika kupata nyingine ni kazi. Zipu ya kisasa ya shaba iliyo imara si dhambi katika jaketi la kuvaa kila siku, mradi bei iseme ukweli huo.

Ufumo wa mikononi na kiunoni uwe wa sufu tupu. Ulio na nyuzi za akriliki hulegea mapema, na kiuno cha A-2 kilicholegea hufanya jaketi lining'inie. Sufu nayo huliwa na nondo, kwa hiyo swali la maana kwa mtengenezaji ni kama atabadilisha ufumo miaka kumi baadaye, kwa rangi ile ile, na kwa gharama gani. Uzi wa asili ulikuwa wa pamba. Poliesta ni imara zaidi lakini hung'aa, na katika nakala ya bei kubwa mng'ao huo ni upungufu. Bitana iwe ya pamba. Bitana ya poliesta inayong'aa ni alama ya jaketi la mitindo.

Kuuliza, kulipa na kupokea

Andika barua moja na uitume kwa watengenezaji wote watatu au wanne uliobakiza, bila kubadilisha neno. Uliza mkataba unaonakiliwa, kiwanda cha ngozi na unene wake, vipimo vinne vya saizi yako, aina ya uzi na zipu, muda wa kungoja, kiasi cha malipo ya kwanza, na masharti ya kurudisha. Majibu yaweke kwenye jedwali moja. Usijaze maksi, kwa sababu sifa zikijumlishwa, ngozi nzuri itafunika mkato mbaya na jumla itakudanganya. Anza kwa kufuta kila aliyeshindwa kwenye mkato na vipimo, kisha ulinganishe waliobaki kwa ngozi, na mwisho kwa vifaa vidogo.

Soma kwa makini masharti ya kurudisha, kwa sababu jaketi lililoshonwa kwa vipimo vyako mara nyingi halirudishwi, wakati la saizi ya kawaida hurudishwa likiwa halijavaliwa. Hapo ndipo penye hoja nzuri ya kuanza na saizi ya kawaida kwa mtengenezaji usiyemjua, hata kama anatoa huduma ya kupima bila nyongeza ya bei. Nakala za daraja la juu mara nyingi hupita dola 1,000 za Marekani, na juu ya bei hiyo kuna usafirishaji, ushuru wa forodha na kodi ya nchi unakoishi; mtengenezaji wa ng'ambo mwenye bei ndogo anaweza kuishia kuwa ghali kuliko wa karibu. Umkatae anayejitolea kuandika thamani ya uongo kwenye karatasi za forodha, kwa kuwa kifurushi kikipotea fidia itahesabiwa kwa thamani hiyo hiyo.

Jaketi lililotumika la mtengenezaji mzuri ni njia halali ya kupunguza gharama, na lina faida ya kukuonyesha ngozi imezeekaje. Mwombe muuzaji picha ya lebo, ya ndani ya mikono, na vipimo vile vile vinne.

Kifurushi kikifika, usikate lebo yoyote. Laza jaketi mezani na ulipime kabla ya kulivaa, kisha linganisha upande wa kushoto na wa kulia: mifuko iwe sawa kwa urefu na kwa umbali kutoka kwenye zipu, vikanda vya mabegani vianzie mahali pamoja, paneli mbili za mbele ziwe na chembe za ngozi zinazokaribiana. Fungua na ufunge zipu mara kadhaa ukiwa umelivaa. Ngozi mpya ya farasi itakubana viwikoni kwa wiki za mwanzo, na hiyo si kasoro. Mabega yanayobana hayatalegea, na tundu la mkono lililokatwa chini halitapanda. Tofauti ya vipimo ikizidi ile mliyokubaliana, mwandikie mtengenezaji siku hiyo hiyo, ukiambatanisha picha zinazoonyesha futi ikiwa juu ya jaketi, na usilivae tena mpaka ajibu.